Nyumba ya Kwaya ya Wajane

"Mama Bupe, weye unalalaka wapi?"

Aliyeuliza alikuwa Spéciose, jirani wa mlango wa tatu, mwanamke wa Bukavu. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa tisa, mwaka 2014, na wanawake hao wawili walikuwa chini kabisa ya jengo lao mjini Toronto, kwenye chumba cha kufulia, wakisubiri mashine zimalize kuzunguka. Spéciose hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amepiga hesabu tu. Fleti zote za upande ule zilikuwa na vyumba viwili, na kwa Bupe walikuwemo watu wanne.

Mama Bupe alikuwa anakunja shuka. Akaendelea kukunja mpaka kona zikakutana sawasawa.

"Nalala vizuri," akajibu.

"Sijauliza kama unalalaka vizuri, Mama. Nimeuliza wapi."

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, lakini mimi ndiye nimeuliza," Spéciose alisema akicheka, akamgusa bega, akaanza kutoa nguo zake.

Ukweli ni kwamba Mama Bupe, ambaye jina lake hasa ni Atuganile, alikuwa analala sebuleni, kwenye kochi. Mwaka wa kwanza alipokuja kutoka Rungwe alilala na mjukuu wake, Tumpe. Tumpe alipofikisha miaka kumi na tatu akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba Bibi anaamka alfajiri na kuomba kwa sauti, na yeye ana shule. Bupe akasema, Mama, tufanye hivi kwa muda. Muda huo sasa ulikuwa na miezi kumi.

Kilichomsumbua mama huyu si kochi lenyewe. Kilichomsumbua ni mkwe. Januari, mume wa Bupe, alikuwa anafanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na mlango wa kutokea ulikuwa hapo hapo sebuleni. Mama mkwe kukutwa na mkwe wake akiwa amelala, kwao hata kwa utani mtu hasemi. Kwa hiyo Mama Bupe aliamka kabla yake kila siku, akakunja blanketi, akalisukuma nyuma ya kochi, akajifunga kitenge na kitambaa cha kichwa, na Januari alipotoka chumbani alimkuta amekaa wima kama mgeni aliyefika sasa hivi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama."

Wote wawili walikuwa wanaangalia dirisha. Na maombi yake Mama Bupe aliyahamishia bafuni. Aliwasha feni ili sauti isitoke.

Siku ile ile, Bupe alirudi kutoka kazini akiwa bado na sare yake ya kijani. Alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Hakuvua hata viatu.

"Mama, umemwambia nini Spéciose?"

"Nimwambie nini?"

"Kaniuliza ndani ya lifti kama nimeshapata fleti ya vyumba vitatu. Mbele za watu."

"Sikumwambia kitu."

"Ndiyo hicho sasa. Ungesema unalala na Tumpe, ingekupunguzia nini?"

"Ningekuwa nimesema uongo."

Bupe alikaa, akafungua mkoba, akatoa fomu. Zilikuwa zimekunjika pembeni kwa kubebwa huku na huku wiki tatu. Viza ya Mama ilikuwa inaisha mwisho wa Oktoba, na aliyetaka kuongezewa muda alitakiwa kuomba siku thelathini kabla. Fomu zingempa miaka miwili mingine. Kila kitu Bupe alikuwa amekijaza mwenyewe, na pale pa kusaini alikuwa amepaka rangi ya njano.

"Jumatatu lazima ziende posta. Saini tu, Mama. Hapo penye njano."

"Baba yako nilimwahidi."

"Najua."

"Wazee wa kanisa wameniachia nafasi pembeni ya kaburi lake. Wamezungushia matofali. Nikifia huku mtaanza kunichangia ndege."

"Nani amesema unakufa? Ni miaka miwili."

"Ile ya kwanza nayo ulisema ni miwili."

Bupe aliziweka fomu juu ya friji, mahali ambapo mama yake angeziona kila akitaka maziwa.

Kanisa la Moravian walilokuwa wanasali lilijaa watu waliotoka visiwa vya Karibiani. Walikuwa watu wakarimu sana. Nyimbo zao zilikuwa na tuni zile zile alizozijua Mama Bupe tangu utoto, ila maneno yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo yeye aliimba ya kwake polepole, na alipofika mwisho wa ubeti alikuwa amechelewa au amewahi. Hakuna aliyemkataza. Siku moja mama mmoja aligeuka akamtabasamia, na kuanzia hapo Mama Bupe akawa anaimba mdomo umefungwa.

Jumapili iliyotangulia ilitangazwa safari. Saa moja na nusu kwa basi, mashariki ya Toronto, kulikuwa na kijiji cha kale cha Wamoravian, chenye kanisa, bustani na nyumba zake, na waumini wangetembezwa na mwongozaji. Bupe alisikia tangazo hilo akaliona kama jibu la maombi. Alibadilishana zamu ya Jumamosi, ambayo ndiyo iliyokuwa na malipo mazuri, akalipia nafasi tatu. Alitaka mama yake aone kwamba na huku nako kuna kwao.

"Ni kijiji cha misheni, Mama. Kama Rungwe vile."

"Kina kengele?"

"Nadhani kina kengele."

"Basi twende," Mama Bupe akasema, na siku hiyo akavaa kitenge chake cha Umoja wa Wanawake.

Kengele ilikuwepo. Juu ya mlango wa kanisa kulikuwa na mwanakondoo amebeba bendera, yule yule aliyechorwa kwenye mlango wa kanisa la kwao. Mama Bupe alisimama chini yake akasema polepole, "Mwanakondoo ameshinda, tumfuate." Kisha akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Bupe aliona, akatazama pembeni, akafurahi moyoni.

Mwongozaji wao alikuwa mwanamke wa Kigoa, mzee mwembamba, amevaa gauni refu la kijivu na kofia nyeupe iliyofungwa kidevuni kwa utepe mweupe. Jina lake Clotilda. Alizaliwa na kukulia Nairobi, akaja Kanada akiwa msichana. Yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, ila alipostaafu ukarani alijitolea kutembeza wageni pale kijijini. Alipoona kitenge, uso wake wote ulifunguka.

"Mama, wewe natoka wapi?"

"Tanzania. Rungwe."

"Oho. Mimi mtu ya Nairobi. Kuja, mama, kuja karibu yangu. Hawa wengine nasikia Kiingereza, wewe mimi nakwambia Kiswahili."

Kilikuwa Kiswahili cha kuagizia chai na kufulisha nguo, kile alichokisikia nyumbani kwao akiwa mtoto, na Bupe alikunja uso kidogo kusikia mama yake anaambiwa kuja na angalia kama yaya. Mama Bupe hakujali. Tangu afike nchi hii, alikuwa hajawahi kuambiwa kitu na mtu mwenye kazi ya kueleza mambo akakielewa chote. Alimshika Clotilda mkono, wakatembea mbele ya wote.

"Kwa nini utepe wako mweupe?" alimuuliza.

"Hii ya mjane. Msichana navaa utepe pinki, mama ya ndoa navaa buluu, mjane nyeupe. Bwana yangu nakufa miaka saba sasa."

"Pole sana. Na mimi mjane. Miaka mitatu."

"Pole, mama. Basi sisi utepe moja."

Walifika makaburini. Mawe yote yalikuwa yamelala chini kwenye majani, sawasawa, madogo, hakuna la mkubwa wala la maskini. Clotilda alieleza kwa Kiingereza, kisha akarudi kwa Kiswahili.

"Hapa wazee ya ndoa. Hapa wamama ya ndoa. Kule mwisho, bibi wajane. Kila mtu na kwaya yake."

"Kwaya?"

"Ndiyo, kwaya. Hii watu zamani nakaa kwa kwaya. Kwaya ya wasichana, kwaya ya wamama, kwaya ya wajane. Naimba pamoja, nakula pamoja, nalala nyumba moja, nazikwa pamoja."

Watu wale wa zamani waliita kwaya kundi lolote la watu wa hali moja, wanaimba au hawaimbi. Lakini Mama Bupe alikuwa mwanakwaya wa usharika miaka thelathini na minane, na kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Alirudia kwa sauti ndogo, "Kwaya ya wajane."

Bupe alisogea karibu yake. Alikuwa amelisubiri neno la namna hii tangu asubuhi.

"Umesikia, Mama? Hata hao wa kwanza kabisa hawakuzikwa pembeni ya waume zao. Kila mtu na wenzake. Na Mungu hakuwakasirikia."

"Nimesikia."

"Basi na Baba ataelewa."

Mama Bupe aliyatazama yale mawe kwa muda mrefu. "Nimesikia, Bupe," akasema tena, na safari hii hakuwa na ubishi ndani yake.

Nyumba ya wajane ilikuwa ya mbao, na mlango wake ulikuwa mfupi mpaka mtu ainame. Watu wengi walibaki nje kupiga picha, Bupe akamfuata Tumpe aliyekuwa anatafuta maji ya kunywa. Mama Bupe aliingia na Clotilda peke yake.

Ndani kulikuwa na vitanda sita. Kila kitanda kilikuwa na shuka jeupe lililonyooshwa, sanduku miguuni, na ndoano ukutani ya kutundika nguo. Moto ulikuwa unawaka kwenye jiko la chuma na birika linatoa mvuke. Karibu na jiko walikaa bibi wawili wa Kizungu, kofia nyeupe, utepe mweupe, wakimenya matofaa. Wakamwitikia kwa kichwa.

Kwao Rungwe nyumba za wamisionari zina zaidi ya miaka mia na mpaka leo wachungaji wanakaa humo, wanapika humo, watoto wanazaliwa humo. Uzee wa nyumba kwake haukuwa sababu ya watu kutokaa ndani. Alitazama moto, akatazama matofaa, akaweka kiganja juu ya kitanda cha tatu, kile cha dirishani.

"Kila mtu na kitanda chake?"

"Ndiyo, yake mwenyewe."

"Na mlango unafungwa?"

"Nafunga, ndiyo. Mwanaume hapana ingia hapa kabisa."

Mama Bupe aliongea polepole kama mtu anayeogopa kumwaga kitu.

"Nafasi ipo?"

Clotilda alidhani anauliza habari ya kujitolea. "Iko, mama. Watu haitoshi hata. Wengine nachoka, wengine nakufa."

"Mimi kuni nazijua. Kufuma najua. Na ninaimba sauti ya pili."

"Mzuri sana. Sisi nataka watu Jumanne na Jumamosi."

Mama Bupe alichukulia kwamba hizo ni siku za kupokea wapya. "Jumanne naweza," akasema.

Clotilda akamletea karatasi kwenye ubao mdogo, na kalamu. Mama Bupe hakuuliza imeandikwa nini. Aliinama juu ya kitanda akaandika jina lake lote, Atuganile Mwangoka, kwa mwandiko wa kuunganisha aliofundishwa darasa la nne, kila herufi imeshikana mkono na mwenzake. Alikuwa anaweka nukta Bupe na Tumpe walipoinama kuingia.

"Umesaini nini?" Bupe aliuliza.

"Binti yako?" Clotilda alisema kwa furaha. "Mama yako nataka kuja kufanya kazi na sisi. Bure, hapana mshahara. Roho mzuri sana."

"Tunakaa Toronto, Etobicoke. Mama hawezi kusafiri peke yake mpaka huku."

"Mwambie sitakuwa nasafiri," Mama Bupe akasema. "Nitakuwa nakaa."

"Unakaa wapi?"

"Hapa." Akaonyesha kitanda cha tatu. "Huyu mwenzangu amesema nafasi ipo."

Tumpe ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka, si kwa ubaya, kicheko cha mtoto tu, akawaeleza bibi wa matofaa kwa Kiingereza. Nao wakacheka kwa upole, na watu wa kanisa waliochungulia mlangoni wakaambiana, kicheko kikatoka mpaka nje. Bibi mmoja alinyanyuka, akavua kofia yake akamvisha Mama Bupe juu ya kitambaa chake cha kichwa, na mtu akapiga picha.

Bupe hakucheka. "Mama," akasema karibu na sikio lake, "hapa ni makumbusho. Hakuna anayelala hapa. Hivi vitanda ni vya kuangalia."

"Na moto?"

"Wa kuangalia."

"Na huyu mjane?"

"Saa kumi anafunga, anarudi kwake."

Mama Bupe alimgeukia Clotilda. Kofia ilikuwa imemwangukia upande. "Kwako ni wapi?"

"Pickering, mama. Kwa mtoto yangu mwanaume."

"Unalala wapi?"

Clotilda alirekebisha utepe wake kidevuni. "Chini ya nyumba," akasema. "Chumba iko. Dirisha ndogo."

Hapo nje waliwekewa meza ya karamu ya upendo, mikate midogo mitamu na chai, na kila mmoja akapewa mkate wake. Mama Bupe alikula wake wote, akashukuru. Kwenye basi hakuna aliyemtaja Mungu wala viza.

Jumapili, baada ya ibada, Bupe alizishusha zile fomu kutoka juu ya friji akaziweka mezani, kati ya bakuli la mboga na ugali. Zamu yake ilikuwa ya saa tisa mchana. Januari alikuwa anakula ameinamisha kichwa. Tumpe alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa.

"Jana ulisaini," Bupe alisema. "Karatasi hujui inasemaje, ukasaini. Hii nimekusomea mara tatu."

"Jana nilikosea. Wamenicheka, imetosha."

"Sikucheki, Mama. Nauliza. Siku zote unaniambia umeachiwa nafasi pembeni ya Baba. Pale kitandani hukumkumbuka Baba."

"Nilimkumbuka. Ulisema ataelewa, nami nikaona ni kweli, angeelewa."

"Kwa hiyo si kaburi. Ni kwangu ndiyo hupataki."

Januari aliacha kutafuna. "Mama," akasema, akiangalia dirisha kama kawaida yake, "mimi naweza kulala hapa sebuleni. Wewe ulale na Bupe. Mimi usingizi popote naupata."

"Asante, baba. Mungu akubariki. Lakini mwanamume hahamishwi kitandani kwake kwa ajili yangu."

"Si shida."

"Najua kwako si shida."

Bupe alisukuma sahani. "Niambie basi ni nini. Kochi? Nitatafuta vyumba vitatu, nitaongeza zamu. Ni nini?"

Mama Bupe alinawa vidole, akavikausha kimoja kimoja.

"Hapa nakula, nashiba. Hujanitukana, mumeo hajanitukana. Lakini tangu nimekuja, sijakaa na mtu hata mmoja nikianza wimbo yeye akaumalizia. Sauti ya pili huiimbi peke yako, Bupe. Ukiiimba peke yako mtu anadhani umekosea wimbo. Jana niliposikia kuna nyumba ya wajane wanaoimba, moyo ulikimbia mbele yangu. Nikasema kumbe naweza kubaki huku, nikawa karibu na mwanangu. Kumbe haipo."

"Kule utalala peke yako nyumba nzima. Nyumba ya vyumba vinne."

"Nitalala peke yangu. Alhamisi tuna mazoezi."

"Alhamisi moja kwa wiki."

"Ndiyo. Inanitosha mpaka Alhamisi nyingine. Nirudisheni, Oktoba."

Bupe alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka, na haikuwa tena ya mtu anayeshindana.

"Na mimi nina nani?"

"Una mume. Una mtoto."

"Huyu tunaonana mlangoni, yeye anaingia mimi natoka. Tumpe namsemesha hivi, ananijibu Kiingereza. Kazini jina langu wamelikata, wananiita Bu, miaka tisa sasa. Mama, wewe ukiniita Bupe ndiyo nakumbuka kwamba ni neno, maana yake zawadi, kwamba nilipewa. Unafikiri nakung'ang'ania ili unipikie?"

Januari alinyanyua sahani yake akaipeleka kwenye sinki, akafungua maji, akaanza kuiosha ile moja kwa muda mrefu.

Mama Bupe alimtazama binti yake. Aliona mvi mbili upande wa sikio ambazo hakuwahi kuziona, na mikono iliyochubuka kwa sabuni ya kazini. Alitafuta neno la Mungu la kumpa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakulipata.

"Basi twende wote," akasema.

Hakusema kwa utani. Lilikuwa ndilo alilokuwa nalo.

Bupe alimwangalia mama yake, kisha akaangalia mgongo wa mumewe, kisha mlango wa chumba cha Tumpe. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Kazini kulikuwa na akina mama kumi na mmoja wa watu wengine wa kuogeshwa kabla ya chakula cha jioni. Alizikusanya fomu, akazilinganisha kingo zake juu ya meza, akazikunja mara mbili, akazitia kwenye pipa la taka za karatasi chini ya sinki. Akavaa koti, akafunga kamba za viatu, akatoka.